Mechi za Penseli

Jioni moja ya mwaka 2022, Uwanja wa Mao, tumemaliza mazoezi na watoto wamekaa chini wanavua viatu, alinijia mlinda mlango wangu na simu ya kaka yake mkononi. Alikuwa na miaka 11, na si mtoto wa maswali ovyo. Ameiteremsha orodha ya FIFA mpaka mwisho wake, pale San Marino anapokaa miaka nenda miaka rudi.

"Kochi, sisi wa ngapi?"

Nikamwambia Tanzania imo, apandishe juu ataiona. Akasema keshaiona.

"Nasema sisi. Zanzibar."

"Hatumo."

"Hata mwisho hatumo?"

"Hata mwisho."

Akaitazama tena ile simu. "Lakini San Marino wanafungwa na kila mtu, na namba wanayo." Akavaa kandambili zake, akanipa mkono, akaenda zake kwao kabla ya adhana ya magharibi.

Nafundisha mpira wa watoto, Juvenile na Junior, tangu 2010. Wazazi wameshaniuliza kwa nini fulani anapangwa na fulani anakaa benchi, na majibu ninayo. Hili la mtoto yule lilinifuata mpaka nyumbani. Jibu lake nalijua tangu nina umri kama wake, lakini linaanzia kwenye katiba na sheria za mashirikisho, na yeye hakuuliza sheria. Aliuliza tupo au hatupo.

Usiku ule nikaliteremsha kaunta buku la baba kutoka juu ya kabati.

Baba yangu alikuwa karani, na ukarani wake aliurudisha nyumbani. Kaunta buku lenyewe lina jalada gumu jeusi na uti wa kitambaa chekundu ambacho sasa kimechanika juu na chini. Kila ukurasa ameupiga mistari kwa rula ya mbao: Tarehe. Mahala. Nani. Ngapi. Wafungaji. Maelezo. Kwenye ukurasa wa tatu ipo duara ya kikombe cha kahawa, na ndani ya duara hiyo, kwa mwandiko wake wa kuinama, imeandikwa Uganda, 1995.

Nilikuwa na miaka 11 mwaka huo. Heroes, timu yetu ya Zanzibar, walikwenda Uganda kwenye Challenge, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, na kwetu Miembeni redio ilikuwa moja barzani, imezungukwa na watu wazima kiasi kwamba sisi watoto tuliusikia mpira kwa migongo yao. Migongo ikitulia, mpira uko katikati. Migongo ikiinama mbele, kuna hatari. Siku ya fainali migongo yote iliinuka kwa pamoja, mzee mmoja aliyekuwa anauza kahawa akaliweka dele chini na kukaa kitako palepale kwenye vumbi, na baba akaingia ndani mbio kutafuta daftari. Zanzibar bingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Kwa miaka 30 iliyofuata Challenge nyengine hatukuipata, na mimi ukiniuliza mpira niliupendea wapi nitakwambia ni kwenye ile migongo.

Baba hakukubali kwamba hadithi inaanza 1995. Ndani ya jalada aliandika: Gossage, 1949. Kombe la Gossage lilianza 1926 kwa Kenya na Uganda, Tanganyika wakaingia 1945, na sisi 1949. Akipata mtu wa kumsikiliza alikuwa anamfanyia hesabu kwa vidole: Zanzibar imecheza na majirani zake miaka 15 kabla neno Tanzania halijakuwapo. Hakuwa anagombana na mtu. Binamu zake nusu wako Dar es Salaam na Tanga, na Taifa Stars ikicheza alikuwa anapiga kelele kama mtu mwengine yeyote. Alitaka tu mwaka uandikwe pale unapostahili.

Kwa msomaji asiyekaa huku, mambo yako hivi. Michezo si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake ya michezo, ina shirikisho lake la mpira, ina ligi yake, na bingwa wa ligi hiyo anakwenda Ligi ya Mabingwa Afrika kama bingwa wa Zanzibar. KMKM, Mlandege, JKU, wote wameshapanda ndege kwa njia hiyo. Kwa hiyo klabu ya Unguja inahesabiwa Afrika, na mchezaji wake akiivua jezi ya klabu akavaa ya Heroes, hahesabiwi tena. FIFA inataka nchi huru yenye kiti chake, na kiti cha Tanzania kimekaliwa na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania. Tuliomba 2005, tukakataliwa.

Barzani mtu atakutajia Scotland na Wales, na ni kweli, ila wale walikuwa wanacheza mpira wa kimataifa kabla FIFA yenyewe haijazaliwa. Mfano unaoniuma mimi ni Gibraltar. Watu hawafiki 40,000, uwanja umebanwa baina ya jabali na njia ya ndege, na mwaka 2016 waliingia FIFA baada ya kesi ndefu kwenye mahakama ya usuluhishi wa michezo. Sensa ya 2022 imetuhesabu sisi watu 1,889,773. Siandiki haya kuanzisha siasa ya Muungano, wenye kuijua siasa wapo. Naandika kwa kuwa kila mwaka napokea watoto wapya, na kila mwaka yuko atakayeuliza.

Ukurasa wa 2006 una mwandiko wa penseli. Mwaka ule, Kombe la Dunia linapokaribia kuanza Ujerumani, watu wa klabu ya St. Pauli kule Hamburg waliandaa kombe lao la timu zisizokuwamo FIFA, na Heroes wakaalikwa. Tukafika fainali. Tukatoka bila bao na Cyprus ya Kaskazini, wakatushinda kwa penalti. Mimi nilikuwa kijana, nikarudi nyumbani nimechangamka: Zanzibar imecheza fainali Ulaya! Nikamkuta baba ameshaandika, lakini kwa penseli.

Nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini Hamburg apewe penseli na Kampala apewe wino.

"Wino," akasema, "ni wa mechi ambayo na yule mwengine kwao ataiandika. Uganda tukimfunga, Uganda ameandika kuwa kafungwa. Hawa wa Hamburg sijui kama kuna mtu ameandika."

"Si wameandika wenyewe?"

"Basi na mie nimeandika. Penseli si kufuta, baba. Penseli ni kungoja."

Mwaka 2012 tulikwenda Kurdistan, kule Iraq, kwenye kombe jengine la namna hiyo, tukarudi na nafasi ya tatu. Penseli tena. Sikumuuliza.

Halafu ukaja 2017, na mwaka huo peke yake umekula kurasa nne.

Tarehe 16 Machi, Addis Ababa, mkutano mkuu wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ulitupokea kuwa mwanachama wa 55. Siku hiyohiyo Issa Hayatou, rais wa CAF, aliangushwa na Ahmad wa Madagascar. Nilikuwa kazini nilipopata ujumbe, nikaufunga mlango wa stoo nikakaa juu ya gunia, kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu. Fikiria: kufuzu Mataifa ya Afrika. Timu inakuja Amani, Cameroon au Misri, inapanga mstari, na wimbo unapigwa. Jioni baba alikuwa ameandika 55 kwa wino, namba kubwa iliyojaza mistari mitatu, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kutoka nje ya mstari. Kwenye mazoezi niliwaambia watoto wangu. Niliwaambia, na nataka niliandike hili wazi kwa kuwa ndilo lililonifundisha: niliwaahidi. Nilisema, "Nyinyi mtacheza Afrika mmevaa jezi hii."

Tarehe 21 Julai, Rabat, tukatolewa. Rais wa CAF alisema hatukupaswa kuingizwa tangu mwanzo, kwamba shirikisho haliwezi kuchukua vyama viwili kutoka nchi moja. Miezi minne na siku chache.

Nilirudi kwa watoto na sikujua pa kuanzia. Mmoja aliuliza kama tumefanya kosa gani. Hakuna kosa lolote mtoto alilofanya, wala mchezaji, na ndiyo sababu lilikuwa gumu kueleza. Mtoto anajua kuwa ukitolewa nje kuna faulo. Tangu siku hiyo siwaahidi watoto kitu ambacho kimo mikononi mwa mkutano. Nawaahidi mazoezi saa kumi, mpira uliojazwa upepo, na kwamba atakayefanya bidii nitamwona. Hayo ninayaweza.

Baba hakuikata ile 55. Nilidhani ataipiga mstari. Aliteremka chini yake akaandika: Rabat, 21/7. Wametutoa. Kisha akafungua ukurasa mpya, akachukua rula, akapiga mistari ya Disemba, kwa sababu Challenge ilikuwa inakuja Kenya.

Ile Challenge naijua mechi kwa mechi. Tuliwafunga Rwanda 3–1. Tukawafunga Kilimanjaro Stars, ndugu zetu wa Bara, 2–1. Tukatoka 0–0 na wenyeji Kenya. Libya, waliokuja kama wageni, wakatufunga 1–0. Kocha alikuwa Hemed Suleiman, tunamwita Morocco, yule ambaye baadaye aliichukua Taifa Stars katikati ya AFCON kule Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024. Na kiungo alikuwamo Feisal Salum, bado kijana mdogo, Fei Toto wetu.

Mimi nilikuwa Mombasa, harusini kwa shangazi, Kibokoni. Ijumaa tarehe 15 tulimtoa Uganda, bingwa wa mara nyingi kuliko wote, 2–1 pale Kisumu. Shangazi akaniona nahangaika ukumbini na sahani ya biriani mkononi. Akasema, "Harusi hii itafungwa bila wewe. Nenda." Jumamosi usiku nikapanda basi la Nairobi, nikateremshwa alfajiri Kyumvi, njia panda ya Machakos, na shati la mikono mifupi. Baridi ile sikuijua. Sikuwahi kudhani kuwa ipo kwenye mstari mmoja na Mombasa. Nikapata matatu mpaka mjini, nikasali, nikakaa kwa mama mmoja anayeuza chai ya maziwa na mandazi chini ya mwavuli.

Aliiona skafu yangu. "Wewe ni wa wapi?"

"Zanzibar, mama. Nimekuja kwa mpira."

"Kwani Zanzibar si ni Tanzania?"

"Ni Tanzania. Ila kwenye mpira tunacheza wenyewe."

Akanijazia kikombe bila kuuliza. "Na mkishinda leo, kombe linaenda wapi?"

"Linakwenda kwetu. Unguja."

"Aya. Basi mko na timu," akasema, akageukia mteja mwengine. Nimekutana na watu wa vyeo walioshindwa kufika hapo alipofika yeye kwa kikombe kimoja cha chai.

Uwanja wa Kenyatta, Machakos, ulikuwa umejaa Wakenya. Sisi tulikuwa kikundi, wengi wanafunzi na wafanyabiashara wa Nairobi, kofia za kiua huku na kule, bendera yetu moja imeshikwa na watu sita. Dakika ya tano tu Kenya wakafunga. Kuanzia hapo ni mateso. Tulikuwa tunapiga pasi vizuri, kwa kweli tulikuwa tunapiga pasi vizuri, lakini bao halipatikani, na saa inakwenda. Nimeshika ile skafu kwa meno. Zimebaki kama dakika tatu, Khamis Makame akasawazisha.

Sijui nilifanya nini. Nakumbuka kwamba Mkenya aliyekaa mbele yangu na mwanawe alinishika mabega ili nisimwangukie mtoto.

Dakika za nyongeza Masoud Juma akawatanguliza Kenya tena. Nikakaa chini. Sikumaliza hata kukaa vizuri, Makame huyohuyo akarudisha. Mbili kwa mbili, na pumzi zimewaisha wachezaji wote, nawaona wameshika magoti.

Penalti nilizitazama nikiwa mwalimu wa watoto, macho yangu yalikuwa kwenye miguu. Mtu aliyechoka anapokwenda kupiga penalti hatua zake huwa fupi, na hatua zikiwa fupi mwili unachelewa, mguu unaupata mpira umeshanyooka, na kipa anausoma. Vijana wetu walikuwa na hatua fupi. Patrick Matasi, kipa wa Kenya, alikuwa mkubwa siku ile na simnyimi haki yake. Tatu kwa mbili. Kenya bingwa. Vijana wetu walianguka palepale walipokuwa, mmoja mmoja, kama nguo zilizodondoka kwenye kamba.

Yule Mkenya aligeuka akanipa mkono. Mwanawe naye akanipa mkono. "Pole sana, ndugu. Mmecheza," akasema baba mtu, na sauti yake haikuwa ya mshindi.

Nikampigia baba simu nje ya lango, kelele za vuvuzela nyuma yangu. Nilitarajia atalia, au mimi nitalia. Alikuwa na kalamu mkononi, nilimsikia anafunua ukurasa.

"Nipe wafungaji na dakika."

Nikampa.

"Basi naandika 2–2. Penalti naziweka kwenye mabano. Mpira umekwisha sare, penalti ni za kumpata wa kuchukua kombe. Hawakutufunga. Ukiandika vyengine umekosea kitabu."

Ndivyo kanuni zinavyosema, mechi ya namna hiyo ni sare kwenye kumbukumbu. Nilikuwa nalijua hilo kichwani. Siku ile pale langoni ndipo nilipojua kumbukumbu zinafaa nini: zilimpa mzee wa Miembeni kitu cha kweli cha kushika usiku ambao vyengine vyote vimeponyoka.

Niliporudi nilibadilisha mazoezi. Penalti kwetu zilikuwa mchezo wa mwanzo, watoto wanapiga wakiwa wapya wanacheka. Sasa tunapiga mwisho, baada ya mbio, wakiwa hoi. Nawaambia wahesabu hatua zao. Mtoto akifupisha, anarudi nyuma anaanza upya.

Miezi minne baadaye, Aprili 2018, yakatufika ya Burundi. Timu yetu ya chini ya miaka 17 ilikwenda Challenge ya vijana ikaondolewa kwenye mashindano, kwa sababu wachezaji walikuwa wamezidi umri. Baba hakuandika kitu kwenye ukurasa ule zaidi ya tarehe na mahala. Mimi sikulala, na sikuwa na haki ya kumlaumu mtu.

Mwaka 2013 nilimpanga mvulana kwenye Juvenile nikijua kamili kuwa umri wake umepita. Mama yake alinionyesha kadi ya kliniki, nikaisoma, nikamrudishia, nikasema tutaona. Alikuwa mrefu, ana mguu wa kushoto mzuri, na sisi tulikuwa tumeshafungwa mechi tatu mfululizo. Siku hiyo alifunga mawili. Beki wa upande wa pili alikuwa kitoto cha watu, kimejifunga kamba za viatu mara mbili kwenye kifundo kwa sababu viatu ni vikubwa, na kila kikimkaba yule wangu kinaanguka. Baada ya mechi nilikiona kinafutwa machozi na kochi wake. Nikapeana mikono na kila mtu nikaondoka na pointi tatu. Hakuna aliyegundua. Mpaka leo viatu vile vinanijia.

Baada ya Burundi niliwaita wazazi wote, nikataka cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na wasiokuwa nacho nikawapeleka mwenyewe kwenda kukifuatilia. Nikapoteza watoto wanne, watatu kati yao walikuwa wazuri kuliko waliobaki. Msimu ule tulifungwa sana. Mzazi mmoja aliniambia timu nyengine zote zinafanya, mimi naringa nini. Nikamwambia tumekaa miaka na miaka tunalia kuwa hatuhesabiwi. Sasa tulipoambiwa tuhesabu miaka ya watoto wetu wenyewe, tumeshindwa. Alinuna. Mwanawe akabaki.

Novemba 2023 Karume Boys, vijana wa chini ya miaka 15, walikwenda Uganda, wakawafunga wenyeji kwenye fainali kwa penalti, wakarudi na kombe. Uganda tena, kama 1995. Hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyekuwamo kwenye kikosi kile, na nilisujudu kama vile wote ni wangu.

Baba hakuiona hiyo. Alifariki 2020. Mstari wa mwisho wa mkono wake ni Challenge ya Disemba 2019, Uganda, ambayo tulitolewa kwenye makundi. Baada yake zinafuata kurasa nyeupe, na weupe ule si kwa sababu mwandishi amekufa. Miaka ikapita Challenge ya wakubwa haichezwi. Wengine walikuwa na mechi za kufuzu AFCON, za kufuzu Kombe la Dunia, na kalenda ya FIFA inayowapa mechi hata wakiwa wabovu. Sisi tulikuwa na Challenge tu, na isipokuwapo hatuna kitu. Watu wanapozungumzia uanachama huzungumzia heshima, bendera na wimbo. Mimi nazungumzia mechi. Kijana wa miaka 21 aliye bora Unguja nzima anaweza kufika 26 bila ya kuivaa jezi ile kwenye mchezo wa maana, na miaka hiyo mitano harudishiwi na mtu.

Njia iliyopo ni Taifa Stars, na ni njia ya kweli. Nadir Haroub, Cannavaro, alitoka huku akawa nahodha wa Stars. Feisal, Mudathir Yahya, Ibrahim Bacca, wote wa kwetu, na nikiwaona na jezi ya Tanzania moyo wangu haugawanyiki. Watoto wangu nawaambia hivyohivyo. Ila Stars huchukua wachache waliokwisha kuiva. Wale kumi na tano wengine ambao wangeivia kwenye Heroes, hao ndio ninaowalilia.

Baada ya swali la mlinda mlango wangu nilianza kulichukua kaunta buku uwanjani, kila Alhamisi. Nasoma ukurasa mmoja kabla ya mazoezi. Mwanzo walikaa kwa adabu tu. Kisha wakaanza kudai: leo soma Machakos. Wakauliza kwa nini huku wino na huku penseli, nikawaambia alivyosema marehemu. Wakagawanyika palepale, kundi moja likasema Hamburg iandikwe upya kwa wino, kundi jengine likasema isiguswe. Sikuamua. Hamburg ingali penseli.

Mapinduzi Cup ya Januari 2025 ilichezwa na timu za taifa badala ya klabu, na ikachezwa Pemba, Gombani. Tuliwafunga ndugu zetu wa Bara mechi ya kwanza. Tulipoingia fainali na Burkina Faso nilichukua watoto watano, kwa idhini ya wazazi wao, tukapanda boti mpaka Mkoani, tukalala kwa jamaa zangu Chake. Mlinda mlango wangu alikuwamo. Sauti imeshaanza kukatika, miguu imemrefuka, na mipira ya juu sasa anaikamata kwa mikono yote miwili.

Tarehe 13 Januari tuliwafunga Burkina Faso na kombe likabaki. Gombani ile siku sina uwezo wa kuieleza, mtu alikuwa hana pa kuweka mguu. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, uwanja wetu mpya wa Amani ulipokea mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na Berkane, na Agosti ukapokea mechi za CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani. Nilikwenda zote nilizoweza. Nyasi zetu, taa zetu, majukwaa yetu, Afrika nzima inacheza juu yake, na kila mara nilikuwa naikumbuka ile 55.

Usiku ule wa Gombani, nyumbani kwa jamaa zangu, wengine wameshalala kwenye mkeka, nilimkabidhi kijana lile kaunta buku. Mistari nilikuwa nimeshaipiga kwa rula ya baba. Kwenye mfuko wa shati nilikuwa na vyote viwili, penseli na kalamu, nikaviweka mezani.

Akavitazama. "Kwani Burkina Faso kwao wataandika?"

"Unaonaje?"

Alifikiri kidogo, kisha akachukua kalamu. Akaandika tarehe, mahala, nani, ngapi, wafungaji, taratibu, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Alipofika safu ya mwisho akasimama.

"Kwenye maelezo niweke nini, kochi?"

"Ulichokiona wewe."

Akaandika: Nilikaa nyuma ya goli. Kipa wao alikuwa anapiga makofi kuwaamsha mabeki. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta.